Njia nne za kulinda sinagogi: ipi iwafae ninyi?

Kamati ya sinagogi ikikaa baada ya habari za shambulio jingine, mjadala huwa ule ule. Tuombe polisi, tuwafundishe watu wetu, tutie fedha kwenye milango, au tuwategemee majirani? Fedha hazitoshi kwa yote, na kila mjumbe anavutia upande wake. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya kamati hiyo. Umeandikwa pia kwa viongozi wa makanisa na misikiti wenye Wayahudi mtaani kwao, wanaotaka kujua msaada wenye maana ni upi.

Msimamo usemwe kwanza. Kumshambulia Myahudi kwa sababu ni Myahudi ni uhalifu usio na udhuru. Hasira juu ya Gaza, iwe na uzito gani, haimfanyi mzee aliyekwenda kusali sinagogini Manchester, Uingereza, kuwa adui wa vita, wala mtoto anayeingia shule. Tarehe 19 Machi 2012, kwenye shule ya Ozar Hatorah mjini Toulouse, waliouawa ni mwalimu mmoja na watoto watatu. Watu wa pwani ya Kenya wanajua jinsi chuki hii inavyosomba na wasiohusika. Hoteli ya Paradise ya Kikambala ililipuliwa tarehe 28 Novemba 2002 kwa sababu wageni wake walikuwa Waisraeli, na kati ya watu 13 waliouawa, 10 walikuwa Wakenya, baadhi yao wacheza ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni hao.

VIGEZO

Kigezo kikuu ni dakika. Tangu mtu wa kwanza aone hatari hadi polisi wenye silaha wafike, kuna pengo, na watu hufa ndani ya pengo hilo. Katika shambulio la sinagogi la Manchester, Oktoba 2025, polisi walimpiga risasi mshambuliaji dakika 7 baada ya simu ya kwanza, na huo ni mwendo wa haraka sana. Sinagogi ya Halle, Ujerumani, iliposhambuliwa mwaka 2019, kiongozi wa jumuiya alisema polisi walichukua angalau dakika 10 kufika. Kila njia iulizwe: inalipunguza pengo hilo, au inawawezesha watu kulivuka wakiwa hai?

Cha pili ni mahali ulinzi unapoanzia: barabarani, langoni, mlangoni au ndani. Cha tatu ni gharama, na hapa zitenganisheni fedha za kuanzia na zile za kila mwezi, kwa kuwa kamati nyingi hupigia hesabu za mwanzo tu. Cha nne ni namna njia inavyokwama. Cha tano ni ibada yenyewe: je, mgeni bado anakaribishwa, na Sabato inaheshimiwa? Kuhusu Sabato jambo moja liko wazi katika sheria ya Kiyahudi: kuokoa uhai kunatangulia makatazo ya Sabato, likiwemo la kutumia simu. Simu ya dharura kubaki imewashwa si jambo la kubishaniwa mlangoni Jumamosi asubuhi. Liamueni na rabi wenu mapema, kisha litangazwe.

1. POLISI AU ASKARI LANGONI

Inafanya nini. Ujerumani na Ufaransa ndizo nchi zilizoizoea zaidi. Baada ya watu wanne kuuawa kwenye duka la vyakula vya Kiyahudi la Hypercacher jijini Paris tarehe 9 Januari 2015, serikali ya Ufaransa ilitoa askari jeshi wapatao 10,000 kulinda maeneo nyeti, na polisi na askari wa gendarmerie 4,700 kwa ajili ya shule za Kiyahudi na sinagogi. Ulinzi wa aina hii huanzia barabarani, una silaha halali, na unaufuta ule muda wa kusubiri kwa kuwa polisi tayari wapo. Mtu anayekuja kuchunguza jengo siku chache kabla, jambo ambalo washambuliaji hulifanya mara nyingi, anaiona bunduki.

Gharama. Kwa jumuiya ni ndogo au hakuna, kwani serikali inalipa. Bei yake ni ya aina nyingine: mtoto anayekua akipita kati ya askari wawili kila asubuhi anajifunza kitu kuhusu nafasi yake katika nchi yake. Wazazi wanalisema hilo, na wana haki.

Inapokwama. Kwanza, polisi huondoka. Wanapangiwa kazi nyingine, bajeti inabadilika, kumbukumbu ya shambulio inafifia. Sinagogi Kuu ya Roma ilishambuliwa tarehe 9 Oktoba 1982 kwa maguruneti na risasi, siku ya sikukuu, gari la polisi likiwa halipo mbele yake. Mtoto wa miaka miwili aliuawa na watu 37 wakajeruhiwa. Halle nako, siku ya Yom Kippur, siku takatifu kuliko zote, hakuwekwa polisi nje. Pili, askari anayesimama mahali pamoja saa nane ni shabaha. Huko Nice, Februari 2015, askari watatu waliokuwa wakilinda kituo cha Kiyahudi walichomwa kisu. Ndiyo maana Wafaransa walihamia zaidi kwenye doria zinazobadilisha saa na njia.

Inawafaa nani. Shule, sinagogi kubwa za mijini, na nchi ambayo polisi wake wanaaminika na wanalipwa. Isiwafae wanaofikiri kwamba wakishaandika barua ya maombi wamemaliza kazi. Barua iambatane na kalenda ya sikukuu ya mwaka mzima, kwa sababu tarehe za Kiyahudi huhama kwenye kalenda ya kawaida na ofisa wa zamu hawezi kuzikisia. Wekeni humo ramani ya jengo yenye milango yote, mahali pa kuzimia umeme, na namba za watu wawili wenye funguo.

2. WATU WENU WENYEWE, WALIOFUNZWA

Inafanya nini. Uingereza imeujenga mfumo huu kwa miongo mingi. Shirika la Community Security Trust, lililosajiliwa kuwa la hisani mwaka 1994, lina watu wa kujitolea zaidi ya 2,000 wanaosimama nje ya sinagogi, shule na sherehe. Hawabebi bunduki. Wanajua nyuso za watu wao, wanajua gari gani si la mtaani, na wana mawasiliano ya moja kwa moja na polisi. Hilo la nyuso lina nguvu kubwa, maana polisi mgeni hawezi kutofautisha muumini aliyechelewa na mtu anayezunguka jengo mara ya tatu.

Zamu ndogo inayofanya kazi ina watu wanne. Mmoja anakaa barabarani, mita 20 hadi 30 kutoka mlangoni, kwenye pembe anapoziona pande mbili. Wa pili yuko langoni anasalimia. Wa tatu yuko ndani ya mlango, mkono karibu na komeo, na hafanyi kazi nyingine yoyote. Wa nne ana simu na skrini ya kamera. Badilishaneni kila nusu saa, kwani macho huchoka kabla miguu haijachoka. Anayelinda asiwe anasali wakati huo huo. Mkiwa na watu 12, kila mmoja anapata zamu mara moja katika wiki tatu na hakuna anayeikosa ibada moja kwa moja. Mkiwa watano tu, ndani ya miezi miwili watakuwa wawili.

Wa langoni anasalimia kwa uchangamfu na kuuliza maswali ambayo mgeni wa kweli hayamchukizi: umekuja na nani, umesikia habari zetu wapi, leo umekuja kwa ibada ipi? Anachosikiliza si jibu tu. Anaangalia koti zito siku ya joto, mikono isiyotoka mfukoni, macho yanayokagua kamera badala ya kumtazama anayesema naye. Mkoba ukaguliwe nje ya jengo, kamwe si ukumbini.

Mafunzo ni kwa wanaokaa ndani pia. Mjini Pittsburgh, tarehe 27 Oktoba 2018, watu 11 waliuawa kwenye sinagogi ya Tree of Life. Rabi Jeffrey Myers alikuwa na simu mfukoni siku ile ya Sabato kwa sababu mafunzo ya usalama yalikuwa yamemshauri aibebe, na akawahi kuwapigia polisi. Huko Colleyville, Texas, Januari 2022, Rabi Charlie Cytron-Walker alimkaribisha mgeni kwa chai, na mgeni akageuka mtekaji. Baada ya takriban saa 11, rabi na waliobaki naye walikuwa wamejisogeza karibu na mlango. Rabi akamrushia mtekaji kiti, wakakimbia wote. Alisema wazi kuwa mafunzo aliyopata ndiyo yaliyowaokoa.

Wafundisheni kufunga damu pia. Mshipa mkubwa ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika tatu hadi tano, kabla gari la wagonjwa halijafika. Mkanda maalumu wa kubana damu hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungo cha goti au kiwiko, ukazwe hadi damu isimame hata kama majeruhi analia kwa maumivu, na saa iandikwe. Kosa linalorudiwa sana ni kuulegeza kwa huruma.

Gharama. Fedha ni kidogo: redio za mkononi, vizibao vinavyong'aa, mikanda ya damu, nauli ya mkufunzi. Gharama halisi ni muda wa watu.

Inapokwama. Mtu wa kujitolea asiye na silaha anaweza kulipa kwa uhai wake. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2015, mlinzi wa kujitolea wa miaka 37 aliuawa nje ya Sinagogi Kuu ya Copenhagen, watu wapatao 80 wakiwa ndani kwenye sherehe ya binti aliyefikia umri wa kidini. Mshambuliaji hakuingia. Kamati inayoanzisha zamu lazima iwaambie vijana wake ukweli huo bila kuuzungusha, na bima yao iwe imekatwa kabla ya siku ya kwanza. Njia hii hukwama pia kwa mazoea: mlinzi anayemjua kila mtu huanza kupiga soga. Kuhusu waumini wenye bunduki, jambo linaloruhusiwa katika majimbo mengi ya Marekani, tahadhari kubwa ni kwamba polisi wanaofika mbio hawawezi kujua nani ni nani. Anayebeba awe amejulishwa kwa polisi wa eneo hilo na awe anafanya nao mazoezi. La sivyo, aiache nyumbani.

Inawafaa nani. Jumuiya yenye vijana na watu wa makamo wa kutosha, inayokutana kila wiki. Haiwafai wazee 15 wanaokutana sikukuu tu.

3. MLANGO, KIOO, UZIO NA KAMERA

Inafanya nini. Halle ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Tarehe 9 Oktoba 2019 mtu mwenye silaha na vilipuzi aliupiga risasi mlango wa sinagogi, ndani kukiwa na watu wapatao 50. Walimwona kwenye kamera, wakasogeza samani nyuma ya mlango, na mlango ukashika. Alipokosa kuingia aliua watu wawili nje: mwanamke mpita njia, na mwanamume ndani ya duka la kebab. Mlango uliwaokoa waliokuwa ndani. Mtaa haukuwa na mlango.

Mlango mzuri una fremu ya chuma iliyofungwa kwenye ukuta kwa boliti ndefu, komeo linaloingia ndani ya fremu juu na chini, na bawaba zilizofichwa upande wa ndani. Fremu dhaifu huachia hata kama ubao ni mnene kama ngumi. Bora zaidi ni milango miwili yenye kijumba katikati, wa pili usifunguke hadi wa kwanza ufungwe. Kutoka ndani, mlango wa dharura ufunguke kwa msukumo mmoja bila ufunguo, maana moto nao unaua. Mkilazimika kuuzuia mlango kwa miili yenu, simameni pembeni, nyuma ya ukuta, si nyuma ya ubao. Manchester mmoja wa watu wawili waliouawa alipigwa na risasi ya polisi iliyopita mlangoni alipokuwa akiuzuia.

Kwenye madirisha, ile karatasi ya plastiki ya kubandika yenye unene wa mikroni 200 hivi huzuia vipande visiruke na humchelewesha anayevunja. Haizuii risasi, na isiposhikizwa kwenye fremu, kioo chote hudondoka kwa pamoja. Kwa magari, nguzo fupi za zege au chuma ziachane kwa nafasi isiyozidi mita 1.2, na msiruhusu maegesho ukutani. Kikambala, gari lililobeba mabomu lilivunja kizuizi cha lango na kufika hotelini. Jijini Buenos Aires, baada ya jengo la AMIA, kituo cha jumuiya ya Kiyahudi, kulipuliwa tarehe 18 Julai 1994 na watu 85 kuuawa, nguzo za zege zimekuwa alama ya kila jengo la Kiyahudi.

Gharama. Ni kubwa mwanzoni, kisha matengenezo. Marekani ina ruzuku ya serikali kuu kwa taasisi zisizo za kibiashara tangu 2005, ambayo kwa miaka kadhaa kikomo chake kilikuwa dola 150,000 kwa jengo. Uingereza ilikuwa ikitoa takriban pauni milioni 18 kwa mwaka kwa ulinzi wa maeneo ya Kiyahudi kabla ya shambulio la Manchester la 2025. Soma masharti vizuri: ile ya Marekani hurejesha fedha ulizokwisha kutumia, na hudai tathmini ya udhaifu wa jengo kwanza.

Inapokwama. Fedha huchelewa. Sinagogi ya Poway, California, ilikuwa imeshapewa ruzuku ya mageti na milango. Fedha zilifika takriban mwezi mmoja kabla ya shambulio la tarehe 27 Aprili 2019, lililoua mtu mmoja na kujeruhi watatu, na zilikuwa hazijatumika. Kasoro ya pili ni ya kila siku: mlango wa dola elfu kumi unaoegeshwa wazi kwa kiti kwa sababu kuna joto. Kamera nazo hazimzuii mtu kama hakuna anayezitazama. Zinasaidia kabla na baada, kwa hiyo picha zitunzwe siku 30 angalau ili aliyepita kuchungulia aonekane.

Inawafaa nani. Wenye jengo lao wenyewe, na wale wachache wasioweza kupanga zamu.

4. MAJIRANI

Inafanya nini. Wiki moja baada ya Copenhagen, tarehe 21 Februari 2015, vijana wa Kiislamu wa Oslo waliwaita watu kuizunguka sinagogi ya mji wao, na zaidi ya watu 1,000 wakaja. Baada ya Pittsburgh, Waislamu wa Marekani walichanga zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya majeruhi na waliofiwa. Pale Hypercacher, Lassana Bathily, Mwislamu kutoka Mali aliyefanya kazi dukani, aliwaficha wateja kwenye chumba cha baridi, akatoka, akawaeleza polisi ramani ya ndani. Ufaransa ilimpa uraia tarehe 20 Januari 2015.

Wako majirani waliofika mbali zaidi ya siku ya msiba. Kule Mbale, Uganda, Wayahudi wa Abayudaya, ambao dini yao ilipigwa marufuku chini ya Idi Amin, waliunda mwaka 2004 ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera pamoja na Waislamu na Wakristo. Anayepima kahawa pamoja na jirani yake kila msimu hupata habari za uvumi mapema kuliko polisi.

Gharama. Muda na uvumilivu. Fedha hakuna.

Inapokwama. Mduara wa watu haukai hadi Jumanne alfajiri. Umati nao ni shabaha, kwa hiyo hakuna kwenda kuzunguka sinagogi bila kuwauliza wenyewe na polisi kwanza. Kwingine msaada huishia kwenye picha. Na kuna matamko ya kulaani yanayoumiza: tamko linalosema "tunapinga vurugu zote" bila kutaja kuwa waliouawa ni Wayahudi na waliuawa kwa ajili hiyo, au lenye "lakini" katikati na maelezo ya siasa za Israeli baada yake.

Tamko linalofaa ni fupi, linatoka ndani ya saa 24, linasomwa kwenye hotuba ya Ijumaa na ibada ya Jumapili, linataja mahali na waathirika, na linatoa namba ya simu ya mtu halisi anayepokea. Msisambaze video ya shambulio kwenye makundi ya WhatsApp hata kwa nia ya kulaani. Yule wa Halle alirusha shambulio lake moja kwa moja mtandaoni kwa sababu alitaka watazamaji. Msitangaze pia saa za ibada za Wayahudi mnapowatetea.

Inawafaa nani. Kila mahali kama nyongeza, na kama nguzo kuu pale ambapo Wayahudi ni wachache sana, polisi wako mbali, na majirani wanafahamiana kwa majina.

KULINGANA NA HALI YENU

Mko 30 kwenye ukumbi wa kukodi. Hamwezi kubadilisha mlango wa mwenye nyumba, basi chagueni ukumbi wenye njia mbili za kutokea, mtu mmoja akae mlangoni, na fedha ziende kwenye mafunzo.

Mna shule. Hapa polisi na uzio vinatangulia. Saa hatari ni za kuingia na kutoka, watoto wanapojazana nje, kwa hiyo tawanyeni muda wa kutoka kwa madarasa na msiwaache wazazi wakusanyike langoni.

Mko mjini Afrika Mashariki, kama jumuiya ya Nairobi iliyopo tangu 1904. Nchini Kenya walinzi wengi wa kampuni hawana bunduki na hubadilishwa mara kwa mara. Lipieni uzio, nguzo na kijumba cha ukaguzi, ombeni kampuni iwape walinzi wale wale kila wiki, na mtu wenu mmoja asimame nao kuwatambulisha nyuso.

Mnafanya sherehe ya nje. Watu 15 waliuawa kwenye sherehe ya Hanuka ufukweni Bondi, Sydney, tarehe 14 Desemba 2025. Uwanja wazi hauna mlango, na zamu yenu haiwezi kuufunga. Ombeni polisi wenye silaha kwa maandishi na mpate jibu kwa maandishi. Wakisema hawana watu, ingieni ndani ya jengo.

Mna wiki moja tu kabla ya Yom Kippur na hamna fedha. Jaribuni makomeo yote na mrekebishe linalokwama. Ondoeni viti vinavyoegesha milango. Teueni mtu wa simu na msaidizi wake. Tembezeni watu wote, wazee kwanza, kwenye njia ya pili ya kutokea hadi barabarani, na mpime muda kwa saa. Pelekeni kalenda na ramani kituo cha polisi, mkapate jina la ofisa wa zamu wa siku hiyo. Na mwambieni mchungaji au imamu wa jirani saa mtakayotoka, ili watu wake wawili au watatu wawe barazani wakitazama barabara.